Sisi Gani? Filamu za Amani Zikitazamwa Kutoka Migori

Januari 2008 nilikuwa na miaka minane na kazi yangu ilikuwa moja: kukaa juu ya kitanda. Chini ya hicho kitanda kulikuwa na cherehani ya Mama Fundi, imefunikwa kwa gunia, na mbele yake mama yangu alikuwa amepanga debe la omena na viatu vya kila mtu nyumbani. Mama Fundi alikuwa Mkisii, jirani yetu wa chumba cha tatu kwenye plot ya mabati kule Migori mjini. Alikuwa ameondoka usiku na watoto wake wawili na cherehani haikutoshea kwenye gari. Mama aliniambia, "Nyathina, mtu akiuliza, wewe hujui kitu." Wakaja vijana wanne, wote tunawajua kwa majina. Wakauliza. Nikasema sijui.

Nimeikumbuka hiyo siku juzi nikitazama *Ni Sisi* kwa mara ya tatu, kwenye simu, ndani ya bedsitter yangu hapa Homa Bay, bando ya usiku ikienda mbio. Filamu ni ya 2013. Nick Reding ndiye aliyeiongoza, shirika la SAFE Kenya likaitengeneza, na kabla haijawa filamu ilikuwa mchezo wa mtaani, ule wa kuigizwa mbele ya watu waliosimama na mizigo yao. Jacky Vike, ambaye wengi wetu tunamjua kama Awinja, yumo. Ilitoka wakati nchi nzima ilikuwa na roho mkononi ikingoja uchaguzi wa Machi 4, ule wa kwanza tangu damu ya 2007 na 2008.

Stori yenyewe ni rahisi kueleza. Kuna mtaa wa kawaida. Makabila yamechanganyika, watu wameoana, wanakopeshana chumvi na kusutana kwa mapenzi. Halafu fununu zinaanza. Chini ya tabasamu kumbe kulikuwa na kidonda cha uchaguzi uliopita, na uchaguzi mwingine unakuja. Swali la filamu ni kama hawa watu watarudia yale waliyofanya, au watajikamata kabla.

Nianze na sifa, kwa sababu anastahili mtu yeyote aliyefanya kazi hii bila kutuchosha. Wale tuliosoma shule za huku tumekulia kwenye michezo ya amani ya mashirika. Mnajua ile: wahusika wanaongea kama kijikaratasi cha kliniki, mlevi anachekesha, chifu anatokea mwishoni, wote wanashikana mikono, soda zinagawanywa. *Ni Sisi* ina masikio. Watu wake wanaongea Kiswahili chetu, kile cha kuruka kutoka sanifu hadi Sheng katikati ya sentensi, na wanachekeshana kabla ya kuogopana. Hilo la mwisho ni muhimu. Ukionyesha chuki tangu dakika ya kwanza, mtazamaji anakaa salama, anasema hao ni watu wabaya. Ukimchekesha kwanza, anajiona.

Filamu pia inajua fununu inavyotembea. Haiji na sura ya adui. Inaletwa na mtu unayemwamini, kwenye mfereji, kwenye saluni, kwenye stage ya boda, na inaanza na "mimi nimesikia tu." Mwaka ule zilizunguka kwa SMS, na kila moja ilikuomba uitume kwa wengine haraka. Redio nazo zilibeba mzigo wake. Tunaijua Rwanda ya 1994 na redio ya RTLM, na kila mzazi huku ana sentensi yake kuhusu Rwanda, lakini mara nyingi tunaitumia kama zimwi la kutisha watoto. Tunasahau kwamba kabla ya panga kulikuwa na miezi ya maneno, na maneno yalikuwa na wasikilizaji waliokuwa wakipika chai. Yaliyotokea Kenya hayakuwa mauaji ya kimbari kama yale, na sitaki kuyapandisha cheo. Ila njia ya kuelekea huko huanza hivyohivyo, na *Ni Sisi* imechukua kamera ikaiweka mwanzo wa hiyo njia, mahali ambapo mtu wa kawaida bado anaweza kusema ngoja.

Sasa ugomvi wangu. Uko kwenye jina.

Ni sisi. Sawa. Sisi gani?

Tume ya Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi. Hiyo ni zaidi ya thuluthi. Nyanza, mkoa wetu wa wakati huo, ulikuwa na vifo 134, na wengi wa hao waliuawa kwa risasi. Vijana wa mtaa wetu walikuwa na mawe, rungu na panga. Mtu mwenye bunduki kwenye hizo barabara alikuwa amevaa sare.

Kwa hivyo fikiria mama wa huku ambaye kijana wake alipigwa risasi barabarani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anaonyeshwa hadithi ambayo uzito wake wote uko kwa majirani na midomo yao. Anaambiwa: tatizo ni sisi, tupendane. Huyo mama hakuuliwa mtoto na jirani. Ujumbe unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado ukapelekwa kwenye anwani isiyo yake. Na hii si lawama ya filamu moja. Ni desturi ya karibu kila sanaa ya amani iliyofadhiliwa nchini tangu 2008: inajua kuhutubia raia, haijui kuhutubia serikali. Raia hana la kukujibu. Serikali inaweza kukunyima kibali.

Huku kumbukumbu ya bunduki ni ya zamani kuliko wengi wetu. Tom Mboya aliuawa Nairobi Julai 5, 1969, na amezikwa Rusinga, kisiwa cha kaunti hii ninapoandikia. Oktoba mwaka huohuo, siku Rais Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali tunayoiita Russia, walinzi wake walifyatulia umati risasi. Agosti 2017, Kisumu tena, mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alipigwa na polisi nyumbani kwao akafa. Oktoba mwaka huo, Homa Bay, Migori, Kisumu na Siaya hazikupiga kura ya marudio. Ukituambia sisi kwamba vurugu zinaanza na fununu ya jirani, tutakusikiliza kwa heshima, halafu tutaangaliana.

Lakini hapa ndipo lazima nijikamate mwenyewe, maana hoja yangu inaanza kuwa tamu sana.

Kuna stori ambayo sisi Wajaluo wa huku tunapenda kujisimulia: kwamba mwaka ule tulikuwa wahanga tu. Tulipigwa risasi, basi. Wale vijana wanne mlangoni kwetu wanakataa. Walikuja kutafuta mali ya mwanamke aliyewashonea suruali za shule. Katika miji ya Nyanza maduka ya Wakikuyu na Wakisii yalichomwa, na familia zikalala kwenye vituo vya polisi. Isome hiyo mara ya pili. Zilikimbilia polisi. Sare ileile iliyokuwa ikiua upande mmoja wa mji ilikuwa, upande wa pili, ndiyo ukuta pekee kati ya mtoto na umati. Na mmoja wa wale vijana wanne hakumaliza mwezi. Alipigwa risasi barabarani. Alikuja kwetu kama mshambulizi siku ya Jumanne na wiki iliyofuata tukaenda matanga kwao tukala nyama.

Hakuna filamu ya amani niliyoiona yenye nafasi ya huyo kijana. Akiwa mshambulizi, ananyooshewa kidole. Akiwa maiti, analiliwa. Akiwa vyote viwili, anaharibu skripti.

Iliyomkaribia zaidi ni *Something Necessary* ya Judy Kibinge, ya 2013 pia. Anne ni nesi aliyenusurika. Mume wake ameuawa, shamba lao limeharibiwa, mwanawe yuko hospitalini. Joseph ni kijana aliyekuwa kwenye kundi lililofanya hayo, na sasa hajui aiweke wapi hatia yake. Kibinge hamwombei Joseph msamaha kwetu. Anamfuata tu, anamwonyesha akitafuta vibarua, akitishwa na wenzake, akizunguka karibu na nyumba aliyosaidia kuibomoa. Ukimaliza hiyo filamu huna wimbo wa kuimba. Una swali kuhusu kijana fulani unayemjua. Hapo ndipo naona tofauti kati ya kazi iliyoandikwa kutoka kwa mtu na kazi iliyoandikwa kutoka kwa ujumbe.

Upande wa bunduki, riwaya imetangulia filamu. *Dust* ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka 2014, inafunguka na Odidi Oganda akikimbia mitaa ya Nairobi kuelekea kifo chake, nchi ikichomeka baada ya uchaguzi. Kisha badala ya kutupa siasa za mwaka mmoja, inarudi nyuma: baba yake, Nyipir, aliwahi kuvaa sare, na ameyabeba aliyoyaona na aliyoyafanya akiwa ndani yake bila kuyasema nyumbani. Kwa Owuor, kimya ni mali ya urithi, kama shamba. Sisemi ni kitabu rahisi. Nilikianza chuoni, nikakiacha, nikaacha na chuo, nikakimaliza miaka miwili baadaye kwenye matatu za Migori na Rongo. Lakini ni kazi iliyonifundisha kwamba raia na dola si watu wawili wanaokutana barabarani mara moja kwa miaka mitano. Mara nyingi wanalala chumba kimoja.

Na kuna *Softie* ya Sam Soko, ya 2020, kuhusu Boniface Mwangi. Mwangi alipiga picha za 2007 na 2008 akiwa mpiga picha wa magazeti, akashindwa kukaa nazo, akazitembeza mijini kwenye maonyesho ya Picha Mtaani ili watu wajitazame. Filamu inamfuata hadi alipowania ubunge Starehe mwaka 2017, akashindwa. Watu wengi huitaja kama filamu ya shujaa. Mimi naiona kama filamu ya Njeri, mkewe, ambaye anauliza swali ambalo mikutano yetu ya wanaharakati hailiulizi: wakati unaokoa nchi, nani anapeleka watoto shule? Soko hakulikata hilo swali ili mume wake apendeze. Kwa hilo tu, nampa heshima.

Sasa niongee kuhusu aina nyingine ya kazi, ambayo wahakiki hawaigusi kwa sababu haiuzwi na tiketi. Januari ileile ya cherehani, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake kwamba tunahitaji ramani ya kinachotokea. Siku chache baadaye watu wa kompyuta walikuwa wameijenga. Wakaiita Ushahidi. Mtu alituma ripoti kwa simu au intaneti, na ripoti ikawa alama kwenye ramani. Programu hiyo imeenda mbali, Haiti baada ya tetemeko la 2010 ilitumika. Mimi naisoma kama maandishi, na kama maandishi ina nguvu na aibu yake. Nguvu ni kwamba ilimwamini mtu aliyekuwepo, bila kungoja tamko la waziri. Aibu ni kwamba ramani kama hiyo huonyesha mahali penye simu yenye chaji na mtu mwenye ujasiri. Plot yetu haikuwa na alama. Mama yangu alikuwa na simu, lakini kumwandikia mgeni kwamba tumeficha mali ya Mkisii ingekuwa wazimu. Usalama wa Mama Fundi ulitegemea sisi kutosema. Kuna ushahidi ambao ukiuchapisha mapema unaua.

Kwa hivyo kati ya majina yote ya kazi za aina hii, ninalolipenda ni la pwani. Baada ya Wapokomo na Waorma kuuana Tana Delta mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu mia moja wakafa, shirika la Sentinel Project lilianzisha huduma huko iliyoitwa Una Hakika. Ukisikia fununu, unatuma ujumbe au unapiga simu. Watu wa kujitolea vijijini wanaenda kuangalia. Kisha unarudishiwa jibu: ni kweli, si kweli, au bado haijulikani.

Ona tofauti ya sarufi. *Ni Sisi* ni tamko. Linafunga mdomo. Ukishakubali kwamba ni sisi, unabaki kuhuzunika. Una hakika? ni swali, na linaulizwa mtu mmoja, na linamtaka aende mahali aangalie. Pia halichagui wa kuulizwa. Unaweza kumuuliza jamaa wa boda aliyesikia kwamba kuna lori la mapanga. Na unaweza kumuuliza msemaji wa polisi.

Na tulimuuliza. Juni 7, 2025, Albert Ojwang, mwalimu, kijana wa rika letu, alikamatwa nyumbani kwao hapa Homa Bay kwa sababu ya maneno kwenye X kuhusu mkubwa mmoja wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, kituo cha Central. Kufikia siku iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Una hakika? Mwanapatholojia wa serikali alipoufungua mwili, alisema majeraha hayakulingana na mtu kujigonga. Bila baba aliyesafiri usiku kumtafuta mwanawe, bila watu waliokataa kufunga simu zao, lile la ukutani lingekuwa kwenye faili hadi leo. Huo ndio uzuiaji ninaouelewa. Haukumrudisha Ojwang. Ulinyima uongo nafasi ya kukauka kama saruji.

Sanaa nayo imeanza kuelewa, na dola imeelewa kwamba sanaa imeelewa. Aprili 2025 BBC walitoa *Blood Parliament*, uchunguzi wa waliouawa nje ya Bunge Juni 25, 2024, uliojengwa kwa picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za watu wa kawaida waliokuwa na simu mkononi. Onyesho lake Nairobi lilifutwa, na Mei watengenezaji filamu wanne wakakamatwa. Mwezi huohuo wa Aprili wasichana wa Butere na mchezo wao *Echoes of War* walikutana na gesi ya machozi Nakuru. Hakuna mtu niliyemsikia akirusha gesi ya machozi kwenye mchezo wa tupendane.

Sitaki kumaliza kwa kudharau tupendane. 2027 haiko mbali, na Migori ni kaunti ya Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii na Wasomali wanaouziana vitu kila siku kuanzia Rongo hadi Isebania. Fununu zitakuja, safari hii na sauti za kutengenezwa na kompyuta. Tutahitaji *Ni Sisi* kwenye kuta za kumbi. Ombi langu kwa atakayeandika inayofuata ni dogo: kwenye ule mtaa wa makabila yaliyochanganyika, weka pia kituo cha polisi, na uingie ndani na kamera. Muweke na yule kijana wa nne, umwache awe vyote viwili. Na ukimtafuta mtu mwema, usimpe hotuba.

Nasema hivyo kwa sababu mwezi jana nilimuuliza mama kwa nini aliificha ile cherehani. Nilikuwa nataka sentensi nzuri ya kumalizia hii makala, sitawadanganya. Nilitegemea atasema kitu kuhusu utu au Mungu. Aliendelea kuchambua mboga.

"Alikuwa ameshona yunifomu yako ya darasa la tatu," akasema. "Nilikuwa sijamaliza kumlipa."

Mama Fundi alirudi Machi, baada ya ule mkataba wa Februari 28, kuchukua cherehani. Hakurudi kuishi. Alihesabu pesa zake mlangoni, akasema shati limenibana na angeweza kuliachia kidogo mabegani. Akaivua kofia ya cherehani, akalishona palepale, nikiwa nimesimama kifua wazi nikingoja.